Wawili Juu ya Siberia

Mwaka 1919 ndege aliyoibuni Mhispania Juan de la Cierva ilipungukiwa mwendo karibu na ardhi, ikaanguka. Akaazimia kutafuta chombo kisichoadhibiwa kwa kwenda polepole, na Januari 1923, karibu na Madrid, akarusha babu wa jairokopta za leo. Panga zake za juu hazizungushwi na injini kama za helikopta. Upepo unaopanda kupitia kwao ndio unaozizungusha. Injini ikizimika, huendelea kuzunguka na chombo hushuka taratibu.

Wengi wetu wahandisi tuliposoma hayo tulidhani hatari imekwisha. Haikwisha. Rubani akisukuma usukani mbele kwa ghafla, panga hupoteza upepo wake, na chombo chaweza kupinduka hewani. Hapo hakuna fundi.

Norman Surplus wa Ireland ya Kaskazini alianza kuizunguka dunia mwaka 2010. Mwaka huo huo akatumbukia ziwani Thailand. Aliokolewa, chombo kikatengenezwa, kisha akakwama Japani akingoja kibali cha Urusi. Mwaka 2019 hatimaye aliivuka Urusi, safari hii pamoja na Mwingereza James Ketchell, kila mmoja na chombo chake.

Mwenzako humsaidia nani huko msituni? Ataona ulipoangukia na kuita msaada kwa redio. Kukubeba ni shida, maana katika safari kama hizo kiti cha nyuma mara nyingi hukaliwa na tangi la mafuta. Surplus alimaliza mzunguko wake Juni, Ketchell Septemba.