Moshi na Gongo: Majina Mawili ya Kileo Kimoja

Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, kisha ikaendelea hadi mji wa Moshi. Basi mgeni wa Korogwe au Handeni akisikia kwamba fulani amekutwa na moshi ndani, aweza kudhani kileo hicho kilishuka na garimoshi kutoka Kilimanjaro. Sivyo. Jina hili halikutoka mjini, limetoka jikoni.

Pombe iliyochachuka hutiwa chomboni, ikafunikwa na kuchemshwa. Kileo huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, maji kwenye 100. Kwa hiyo kileo hutangulia kupanda. Mvuke hupita katika bomba lililopozwa kwa maji, ukashuka matone. Wanasayansi huliita tendo hilo kukeneka. Mpishi aliona kinachopanda, akakiita moshi. Na neno hilo hilo moshi limo katika jina garimoshi.

Mwaka 1966 Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya kudhibiti utengenezaji na ukenekaji wa kileo hiki. Sheria iliandikwa kwa Kiingereza, lakini katika jina lake neno moshi liliachwa kama lilivyo. Neno la uani likaingia katika vitabu vya serikali bila kubadili vazi. Uganda nayo, mwaka 1965, ilikuwa imefanya vivyo hivyo kwa neno enguli.

Mitaani, hata hivyo, jina lililotamba ni gongo. Gongo ni fimbo nene, kubwa kuliko bakora. Na masikio ya Mswahili hulisikia karibu na kitenzi kugonga. Katika kambi za mkonge za Korogwe walikutana vibarua wa makabila mengi, kila mmoja na jina la pombe ya kwao. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Neno la namna hii halikuhitaji mkalimani: aliyepigwa fimbo alijua maana yake.

Waingereza nao wana neno lao la mtaani, moonshine, yaani mbalamwezi. Francis Grose alilitia katika kamusi yake ya lugha ya mitaani mwaka 1785, akieleza kuwa ni brandi nyeupe ya magendo katika pwani za Kent na Sussex. Wao walitazama saa ya kazi, usiku. Sisi tukatazama mvuke unaopanda na pigo linaloshuka.

Hapo ndipo penye funzo kwa mshairi. Kileo kisichopimwa huweza kuwa na methanoli, nayo hupofusha na kuua. Tukikiita katika tungo zetu "kinywaji cha kienyeji" kwa kuona haya, tumemnyang'anya msikilizaji onyo alilowekewa na waliotutangulia. Moshi husema kilivyozaliwa, gongo husema kitakavyokutenda. Tuyaandike yote mawili.