Mwongozo kwa wanaoanza kazi ya kurekodi harusi kwa video milimani Taita

KUREKODI harusi kwa video ni kazi isiyo na marudio. Mwigizaji wa filamu akikosea, mwelekezi humwamuru arudie. Bwana harusi akishatamka kiapo mbele ya kasisi, maneno hayo hayatamkwi tena kwa ajili ya kamera iliyoishiwa na betri.

Kwa sababu hiyo, mwanagenzi wa kazi hii anapaswa kujiuliza swali moja kabla ya kununua kifaa chochote: je, hiki kikifeli saa ya kiapo, nitabaki na nini mkononi? Ni heri kuwa na vifaa viwili vya wastani kuliko kuwa na kimoja cha bei ya juu kisicho na mbadala.

Makala haya yanaeleza vifaa na mbinu za kimsingi kwa kuzingatia mazingira ya Wusi, eneo la milimani lililo katika wadi ya Wusi/Kishamba, Mwatate, Kaunti ya Taita Taveta. Mengi ya yanayosemwa hapa yatamfaa pia anayefanya kazi Wundanyi, Bura, Voi au kwingineko nchini.

Sauti kabla ya picha

Wanaoanza aghalabu hutumia fedha zote kununua kamera, wakasahau sauti. Hilo ni kosa. Mtazamaji huvumilia picha iliyofifia kidogo, lakini hawezi kuvumilia kiapo kisichosikika. Maikrofoni iliyomo ndani ya kamera hunasa kikohozi cha aliye karibu nayo kuliko sauti ya maharusi walio madhabahuni.

Kifaa cha kwanza cha kununua baada ya kamera ni maikrofoni ndogo ya kubana kwenye koti, pamoja na kinasa sauti kidogo kinachoingia mfukoni. Mbane bwana harusi. Gauni la bibi harusi mara nyingi halina mahali pa kushikilia maikrofoni, na kwa kuwa wawili hao husimama wakitazamana, ya bwana harusi itanasa sauti zote mbili.

Maikrofoni zisizo na waya ni nzuri, lakini nyingi hutumia masafa yale yale ya Wi-Fi, na mawimbi yake huweza kukatika katika umati wenye simu nyingi. Kinasa sauti cha mfukoni hakitegemei mawimbi hayo. Ukiweza, tumia vyote viwili.

Ukumbini, mwombe fundi wa mitambo ya sauti akupe waya kutoka kwenye miksa yake. Weka kiwango cha sauti ili kilele chake kikae karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, kwa maana shangwe na vigelegele huja ghafla, na sauti iliyopasuka haitengenezeki tena. Vaa vipokea sauti masikioni muda wote. Kabla ya ibada kuanza, piga kofi moja mbele ya kamera zote. Kofi hilo litakusaidia kulinganisha sauti na picha wakati wa uhariri.

Milimani pana upepo. Funika maikrofoni kwa kifuniko chake cha manyoya, na uliweke jenereta mbali na hema, upande ambao upepo unaelekea.

Kamera na lenzi

Kamera yoyote ya kisasa yenye uwezo wa kurekodi video kamili ya HD yatosha kuanzia. La muhimu ni kwamba iwe na tundu la kuchomeka maikrofoni, ikubali kuongozwa kwa mkono badala ya kujiamulia kila kitu, na ikiwezekana iwe na nafasi mbili za kadi ili irekodi nakala mbili kwa pamoja.

Chunguza pia muda inaoweza kurekodi mfululizo. Kamera nyingi za picha za mnato, hasa za miaka iliyopita, hujisimamisha zinapofika dakika 29 na sekunde 59. Kikomo hicho kilitokana na ushuru wa Umoja wa Ulaya uliozilenga kamera zinazoweza kurekodi dakika 30 au zaidi bila kukatika. Mahubiri ya harusi huweza kupita muda huo, na kamera ikajizima bila mpigapicha kujua.

Lenzi ya kuvuta picha karibu na mbali ndiyo ya kazi za kila namna. Kwa makanisa yenye mwanga hafifu, ongeza lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu na hupokea mwanga mwingi.

Kamera ya kwanza isimame juu ya stendi ya miguu mitatu, ikitazama madhabahu yote bila kuguswa. Ya pili ishikwe mkononi, itafute nyuso, pete na machozi. Asiyeweza kununua kamera ya pili anaweza kutumia simu nzuri, ila aizime mawasiliano yake yote, maana simu ikiingia huweza kukatiza kurekodi.

Umeme wa hapa kwetu

Umeme wa Kenya ni wa hezi 50. Kamera iliyotoka madukani ikiwa imewekwa mfumo wa Marekani, yaani fremu 30 kwa sekunde, huweza kuonyesha taa zikimetameta. Iweke kwenye mfumo wa PAL, fremu 25 kwa sekunde, na kasi ya shata ya 1/50. Taa za LED za bei rahisi na zile zinazotegemea jenereta huweza kumetameta hata hivyo. Zijaribu kabla ya wageni kuingia.

Beba betri zisizopungua tatu kwa kila kamera, zote zikiwa zimejazwa usiku wa kuamkia harusi. Usitegemee kupata soketi ya kuchajia nyumbani kwa bibi harusi.

Kuhusu kadi, hesabu ni rahisi. Kamera inayorekodi megabiti 50 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 22 na nusu kwa saa. Ya megabiti 100 hujaza gigabaiti 45. Kadi ya gigabaiti 64, basi, haifikishi saa moja na nusu katika kiwango hicho cha juu. Mwanagenzi anayekwenda harusini na kadi moja atajikuta akifuta picha za asubuhi ili apate nafasi ya kurekodi keki.

Jua, ukungu na mteremko

Mji wa Voi uko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, ilhali Vuria, kilele kirefu zaidi katika Milima ya Taita, kina mita 2,208. Mpigapicha anayeondoka Voi penye jua na vumbi huweza kuukuta mlima umefunikwa na ukungu. Beba vitambaa laini vya kufutia lenzi na mfuko wa plastiki wa kuikinga kamera. Ukungu hupunguza rangi, kwa hivyo wasogelee watu badala ya kuwavuta kwa lenzi kutoka mbali.

Kamera iliyopoa nje alfajiri ikiingizwa ghafla katika chumba chenye joto na watu wengi, kioo chake hupata umande. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa dakika 20 au zaidi, ipate joto taratibu.

Taita iko takriban nyuzi tatu na nusu kusini mwa ikweta, na saa sita mchana jua huwa karibu na utosi. Macho huingia kivulini na vipaji vya nyuso kung'aa. Wapeleke maharusi chini ya mti, au subiri saa kumi. Usichelewe mno, kwani mabondeni jua hupotea nyuma ya mlima kabla ya magharibi yenyewe kuingia.

Kamera inayojipimia mwanga hudanganywa na gauni jeupe. Hupunguza mwanga ili gauni lisiungue, na nyuso zikawa nyeusi zisizotambulika. Pima mwanga usoni, kisha hakikisha kwamba nakshi za gauni bado zaonekana. Hema la rangi nalo huwapaka watu rangi yake. Weka karatasi nyeupe chini ya hema na uirekebishe kamera kwa kuitazama karatasi hiyo.

Viwanja vya milimani ni vya mteremko. Refusha mguu wa stendi ulio upande wa chini, sawazisha kwa kutazama kipimo chake cha maji, na uning'inize begi katikati ili upepo usiiangushe.

Adabu ya kazi

Mtembelee kasisi au padri siku chache kabla ya harusi, umuulize mahali unaporuhusiwa kusimama na kama taa ya kamera inakubalika. Jua mpangilio wa ibada. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka mashahidi wawili, na utiaji saini wa cheti ni tukio usilopaswa kulikosa.

Katika harusi za Kiislamu, ambazo mji wa Voi unazo, nikaha na sherehe ya wanawake mara nyingi hufanyika mbalimbali, na mpigapicha mwanamume haruhusiwi upande wa pili. Hapa wasichana wanaojifunza kazi hii wana nafasi ambayo wenzao wa kiume hawana.

Wazee wanapobariki ndoa kwa Kidawida, mpigapicha asiyeijua lugha hiyo huweza kuzima kamera akidhani hotuba imekwisha, ilhali mzee amepumzika tu kabla ya kutamka baraka zenyewe. Rekodi mpaka mzee aketi. Wakati wa uhariri, kaa na jamaa anayeelewa lugha, akuonyeshe sentensi inapoanzia na inapoishia. Huenda hiyo ndiyo rekodi pekee ya sauti ya babu itakayobaki katika familia.

Vivyo hivyo kwa ngoma ya Mwazindika. Ikipigwa, onyesha ngoma zenyewe, mikono ya wapigaji na miguu ya wachezaji, kisha uwape angalau dakika tatu bila kukatiza. Usifunike sauti yake kwa muziki mwingine.

Sheria na mkataba

Ndege ndogo zisizo na rubani huvutia wateja, lakini kanuni za mwaka 2020 zinataka zisajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA), na mwendeshaji awe na idhini. Ndani ya Taita Taveta mna sehemu kubwa za mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, ambako haziruhusiwi kurushwa bila kibali, na Voi pana uwanja mdogo wa ndege wa Ikanga. Mwanagenzi asiye na vibali aache kurusha. Kilele cha mlima kitampa picha ya juu bila gharama.

Andika mkataba, hata kama mteja ni binamu yako. Utaje saa za kazi, idadi ya nakala, siku ya kukabidhi, malipo ya awali na salio. Utaje pia mwenye hakimiliki, kwa sababu chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo.

Usiweke video ya mteja mtandaoni kutangaza biashara yako bila idhini ya maandishi. Mwaka 2023, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilikitoza faini ya Sh1.85 milioni kilabu kimoja cha burudani jijini Nairobi kwa kutumia picha ya mteja bila ridhaa yake.

Kazi haiishii ukumbini

Usilale kabla ya kunakili kadi zote. Kanuni inayofuatwa na wataalamu ni nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwekwa mahali pengine mbali na nyumba yako. Usifute kadi mpaka nakala zote zimefunguliwa na kukaguliwa.

Mweleze mteja naye jinsi ya kuhifadhi. Familia nyingi zingali na kanda za VHS za harusi za miaka ya themanini na tisini zisizo na mashine ya kuzichezea. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza mashine hizo, ilikoma mwezi Julai 2016, na kanda zenyewe huchakaa kila mwaka. Mwanagenzi anayejua kuhamisha kanda hizo kwenye kompyuta atapata kazi hata katika miezi isiyo na harusi.

Kabla ya kupokea malipo ya kwanza, nenda ukajaribu katika harusi mbili au tatu ukiwa msaidizi wa aliyetangulia. Shika stendi, sikiliza sauti, jifunze ni wakati gani wa kusogea na ni wakati gani wa kutulia. Mwenda pole hajikwai, na katika kazi hii anayejikwaa huangusha kumbukumbu ya watu wengine.