Kutoka Kanda hadi Memori Kadi

Kabla ya nyaya za baharini za Seacom na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ilijikokota mno, hivyo sisi wenye vibanda vya kompyuta mjini Kisii tuligeuza faili kwa programu za kwenye CD. Mteja kutoka Keroka alileta DVD ya harusi. Tukaigeuza kuwa 3GP iingie kwenye Nokia yake. Sura zilififia, lakini akaitazama ndani ya matatu. Kazi niliyoithamini zaidi ni kugeuza kanda za obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane cha Abagusii: unachomeka waya kutoka redio kaseti hadi kompyuta, unarekodi huku ukisikiliza upande mzima, ndipo unahifadhi MP3. Hapo hakuna njia ya mkato. Wenye kanda huko Nyamira, zigeuzeni sasa, utepe huharibika.