Risiti ya mkulima na mnyororo wa kompyuta

Leo tuweke programu kando kidogo, tuongee historia.

Chebunyo iko upande wa Chepalungu, kaunti ya Bomet. Ukipanda kutoka huko kuelekea Kericho unaingia nchi ya chai. Kwa mkulima mdogo wa chai, hifadhidata ya kwanza ilikuwa karani, mizani na karatasi. Kilo zinaandikwa, nakala moja inabaki na karani, nyingine inaenda nyumbani. Malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka hutoka kwenye kilo hizo. Karani akigeuza 42 kuwa 24, karatasi ya nyumbani itamsuta.

KTDA ilianzishwa mwaka 1964, enzi ya karatasi. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alieleza jinsi ya kupanga data kwa majedwali, na hifadhidata nyingi za leo zinafuata wazo lake. Kasi ikaja, lakini na tatizo pia: mwenye nenosiri kuu anaweza kubadilisha mstari mmoja, na jedwali lisionyeshe kovu.

Mwaka 1991 Stuart Haber na Scott Stornetta walipata dawa. Kila hati ipewe heshi, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye hati yenyewe. Ukigusa herufi moja, namba inabadilika. Kila heshi ifungwe na iliyotangulia. Kuanzia 1995 kampuni yao, Surety, ilichapisha heshi katika gazeti la New York Times kila wiki. Unaona? Gazeti lile ndilo nakala ya mkulima!

Satoshi Nakamoto aliwataja katika andiko lake la Bitcoin la 2008, na Januari 2009 blokicheni hiyo ikaanza kazi. Lakini ilikuwa ya polepole, miamala kama 7 tu kwa sekunde. Ndipo wahandisi wakaoanisha viwili hivi. BigchainDB ilitoka 2016. Hyperledger Fabric 1.0 ikafuata 2017: mnyororo unatunza historia, CouchDB au LevelDB inajibu "sasa hivi ni kiasi gani?" Mwaka 2018 IBM na Twiga Foods walijaribu blokicheni kwa mikopo midogo ya wenye vibanda vya chakula hapa Kenya. Amazon nao walifungua QLDB mwaka 2019, mnyororo wenye mtunzaji mmoja, wakaifunga 2025.

Tahadhari moja: mnyororo haupimi chai. Karani akiandika 24 pale mizanini, uongo huo utatunzwa vizuri sana milele.

Kwa hiyo, ukijengea chama cha ushirika mfumo, iwe ni wa chai au maziwa, anza na hifadhidata ya kawaida. Funga maingizo kwa heshi. Kisha kila jioni mtumie mkulima kilo zake na heshi ya siku kwa SMS. Mnyororo ulio mkononi mwa mtu mmoja ni daftari tu. Nakala iende nyumbani, kama zamani.

Haya, tuonane tena.