Uraia wa Dunia Mpakani: Fundisho la Historia ya Tunduma kwa Kanisa

Utangulizi

Neno "uraia wa dunia" limeingia katika semina, mitaala na hotuba nyingi za siku hizi. Maana inayotolewa mara nyingi ni kwamba biashara, safari na njia za mawasiliano zimewaunganisha wanadamu kiasi kwamba kila mtu anawajibika kwa watu asiowajua wala hatawaona. Wapo watumishi wa Kanisa wanaolipokea neno hilo kwa furaha. Wapo pia wanaolitilia shaka, wakisema kwamba ni fikra ya wenye pasi na tiketi za ndege, nayo haimhusu mkulima wa kahawa wa Mbozi wala mama auzaye mchele sokoni.

Katika makala hii tunakusudia kulipima neno hilo kwa historia ya mahali pamoja. Tumeuchagua mji wa Tunduma, ulio katika Mkoa wa Songwe, mkoa ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya. Tunduma inatazamana na Nakonde ya Zambia, na kwa zaidi ya karne moja dunia imepita hapo kwa miguu, kwa reli na kwa malori. Hoja yetu ni kwamba uraia wa dunia haukuletwa hapo na wahadhiri. Ulikuwapo, ulijaribiwa, mara ukaheshimiwa na mara ukasalitiwa. Kanisa linao wajibu wa kulijua jambo hilo kabla ya kulihubiri.

Asili ya wazo

Wazo lenyewe ni la kale. Diogenes wa Sinope, mwanafalsafa wa Kiyunani wa karne ya 4 kabla ya Kristo, anasimuliwa kuwa alipoulizwa atokako alijiita raia wa ulimwengu. Wastoa waliomfuata walifundisha kwamba wanadamu wote ni wa mji mmoja kwa sababu wote wamepewa akili. Mtume Paulo aliishi katika dunia hiyo, naye hakuudharau uraia wa kisheria: alipotaka kupigwa mijeledi alidai haki yake ya Kirumi (Mdo. 22:25-29). Lakini ni yeye huyo aliyewaandikia Wafilipi juu ya uraia ulio mbinguni (Flp. 3:20), na ni Waraka kwa Waefeso unaowaambia Mataifa kwamba wao si wageni tena (Efe. 2:19).

Katika nyakati zetu, Umoja wa Mataifa ulitoa Tangazo la Haki za Binadamu tarehe 10 Desemba 1948. Kifungu cha 13 kinampa kila mtu haki ya kuondoka katika nchi yoyote na kurudi katika nchi yake. Msomaji aangalie kwa makini jambo lisilosemwa hapo: kuondoka ni haki, lakini hakuna nchi iliyofungwa na kifungu hicho kumpokea aliyeondoka. Kati ya mlango wa kutokea na mlango wa kuingilia limebaki pengo, na mji wa mpakani hujengwa ndani ya pengo hilo.

Mpaka na watu wasioulizwa

Mstari unaopita Tunduma ulichorwa Ulaya. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliufanya Mto Songwe, ule umwagao maji yake katika Ziwa Nyasa, kuwa mwanzo wa mpaka, kisha ukauvusha mstari nyanda za juu hadi Ziwa Tanganyika. Tume ya dola hizo mbili ilikuja kuupima mstari huo mwaka 1898. Wanyamwanga wakajikuta pande zote mbili, na ndivyo ilivyokuwa kwa Walambya wa Ileje, ambao ndugu zao wamo Malawi hata leo.

Mkataba huohuo uliwahakikishia raia na mizigo ya dola hizo mbili kupita kwa uhuru kati ya maziwa hayo mawili. Maana yake ni kwamba mgeni kutoka London au Berlin alipewa uhuru wa njia tangu siku ya kwanza, lakini mwenyeji aliyekuwa na shamba upande huu na wakwe upande wa pili hakuulizwa. Yeye alianza kuhesabiwa kuwa mtu wa Wajerumani au mtu wa Waingereza kwa kadiri nyumba yake ilivyoangukia.

Mto Songwe wenyewe umewaaibisha wachora ramani. Katika sehemu zake za chini mto huo hufurika na kuhama mkondo wake, na shamba lililokuwa ng'ambo hii huonekana ng'ambo ya pili. Mwenye shamba hakuhama, ila maji yalihama. Jambo hilo latufundisha kwamba uraia wa nchi, ingawa ni chombo cha lazima cha utaratibu, ni kazi ya mikono ya wanadamu.

Vita Kuu ya Kwanza vilionyesha gharama ya kazi hiyo. Mwezi Novemba 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka kuingia Rhodesia ya Kaskazini, likaishambulia boma ya Fife iliyo karibu na Nakonde, kisha likasalimu amri Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Wapagazi wa pande zote mbili, waliobeba mizigo ya vita visivyo vyao, walikufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi. Nao pia walikuwa wameunganishwa na dunia. Tusidhani, basi, kwamba kuunganishwa peke yake ni neema.

Makanisa yaliyobebana mizigo

Hata hivyo vita hivyohivyo vilizaa jambo jingine. Misioni ya Moravian na Misioni ya Berlin zilikuwa zimeanza kazi katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na baadaye Wamoravian wakafungua kituo cha Mbozi kwa Wanyiha. Upande wa pili wa mpaka, Waskoti wa misioni ya Livingstonia walikuwa na kituo cha Mwenzo, karibu na Nakonde. Wamisionari wa Kijerumani walipokamatwa na kuondolewa mwaka 1916, sharika zilibaki mikononi mwa wazee na walimu wenyeji. Baada ya hapo Waskoti wa Livingstonia, raia wa taifa lililokuwa likipigana na Ujerumani, walizitunza kazi za Wajerumani hao, kisha wakazirudisha wenyewe waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920.

Hatusemi kwamba watu hao walikuwa huru na fikra za ukoloni. Lakini tendo lenyewe lina uzito. Kanisa moja lililea watoto wa Kanisa jingine bila kuwafanya mateka, na tena katika miaka ambayo chuki ya mataifa ilikuwa ingali mbichi. Wazee wenyeji waliokaa na sharika katika pengo lile wanastahili sifa ya kwanza, maana bila wao kusingekuwa na kitu cha kutunzwa.

Miaka ya reli

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe. Zambia, iliyokuwa imejitawala mwaka mmoja tu, ilitegemea njia za kusini kwa mafuta yake na kwa kusafirisha shaba. Njia mbadala ilikuwa ya kaskazini, nayo ilipita Tunduma. Malori ya mafuta yalianza kupita katika barabara ya vumbi na matope yenye ajali nyingi. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa zipatazo 1,710, lilianza kupeleka mafuta Ndola. Baada ya hapo ikaja reli ya TAZARA, yenye kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, na kukabidhiwa tarehe 14 Julai 1976. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, pamoja na Watanzania na Wazambia waliofanya kazi kando yao.

Kwa hesabu ya faida ya upesi, mataifa haya mawili maskini yangeweza kuelewana na serikali za walowezi. Yalikataa. Imani ya TANU ilianza kwa kuwatambua wanadamu wote kuwa sawa, na kwa miaka hiyo imani hiyo ililipiwa kwa bidhaa zilizoadimika na bei zilizopanda.

Kanisa letu lilikuwamo katika mkondo huo. Mwezi Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano Mkuu wake wa sita Dar es Salaam, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mkutano huo ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni suala la ungamo la imani. Tangu hapo Mlutheri hakuweza kusema kwamba mateso ya mtu wa Soweto ni siasa ya nchi nyingine.

Mizigo hupita, watu huzuiwa

Mwaka 2019 Tunduma na Nakonde zilizinduliwa kuwa kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Shaba ya Zambia na ya Kongo hushuka kwenda bandarini Dar es Salaam, na mafuta na bidhaa hupanda. Hilo ni jema, nasi twaliombea.

Lakini njia hiyohiyo ya kusini hupitiwa na vijana wa Ethiopia wanaotafuta kazi Afrika Kusini, wakiwa wamefichwa na wasafirishaji haramu. Mwezi Juni 2012 zaidi ya 40 kati yao walikufa ndani ya lori katika Mkoa wa Dodoma. Mwezi Machi 2020 watu 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena katika jimbo la Tete, Msumbiji. Mwezi Desemba 2022 maiti 27 zilikutwa zimetupwa kando ya barabara karibu na Lusaka. Kontena limetengenezwa ili mzigo ufike salama. Mwanadamu aliyetiwa ndani yake alikosa hewa. Hapa ndipo mkataba wa 1890 unapoonekana kuwa hai bado, kwa sababu njia imefunguliwa kwa mali kabla ya kufunguliwa kwa mtu.

Nazo sheria za uraia hutofautiana hapo mpakani. Katiba ya Zambia, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaruhusu uraia wa nchi mbili. Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa nao. Ndugu wawili wa ukoo mmoja waweza kuhesabiwa kwa vipimo viwili. Hata hivyo Tanzania hiyohiyo mwaka 2014 iliwapa uraia zaidi ya watu 162,000 waliotoka Burundi kama wakimbizi wa mwaka 1972, pamoja na watoto wao. Ni mataifa machache yaliyowahi kutenda hivyo, na tendo hilo laonyesha kwamba uraia wa nchi waweza kuutumikia uraia wa dunia.

Mafundisho kwa Kanisa

Kwanza, mafundisho ya Luther juu ya falme mbili hayaturuhusu kuidharau sheria ya mpaka. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, akieleza maana ya mkate wa kila siku, Luther anataja serikali njema pamoja na majirani waaminifu. Afisa wa uhamiaji anayetenda haki yu katika wito wake. Lakini mafundisho hayohayo yanaikumbusha serikali kwamba haikumuumba mtu anayesimama mbele ya dirisha lake.

Pili, thamani ya uraia wa dunia hupimwa kwa mzigo ambao mtu yu tayari kuubeba kwa ajili ya mwingine. Waskoti wa Livingstonia na wajenzi wa reli hawakuwa na hati ya uraia huo. Walikuwa na kazi yake.

Tatu, sharika zilizo kando ya barabara kuu zina huduma ambayo hakuna dayosisi nyingine itakayoifanya badala yao. Agizo la Walawi 19:33-34 juu ya mgeni haliulizi kwanza kama ana hati. Mchungaji anaweza kumtembelea aliye mahabusu kwa kosa la kuingia nchini, kumtafutia mkalimani, kuwaonya vijana wa usharika wasiajiriwe na wasafirishaji haramu, na kumzika kwa heshima asiyejulikana jina.

Hitimisho

Tumeona kwamba Tunduma imekuwa ya dunia tangu ulipochorwa mpaka wake, na kwamba kuunganishwa kumeleta wapagazi waliokufa na pia reli iliyosaidia kuvunja ubaguzi. Tofauti haikutokana na barabara, bali na jibu la watu kwa swali la nani aliye jirani. Wanafunzi wetu watakaotumwa kuhudumu Songwe watalikuta swali hilo likingoja kwenye foleni ya malori, nao wawe tayari kulijibu kabla kontena halijafungwa.