Kufuli la Sonara: Tremolo ya Floyd Rose na Magitaa Makuukuu ya Bujumbura

Gitaa la umeme lenye tremolo ya kufunga lilizaliwa kwa hatua mbili. Ya kwanza ni ya 1954, Leo Fender alipotoa Stratocaster huko California. Briji ya gitaa hilo imeshikwa na springi zilizofichwa mgongoni, na mpigaji akibonyeza mkono wa chuma nyuzi zote hulegea kwa pamoja, kisha hurudi. Hatua ya pili ilikuja zaidi ya miaka 20 baadaye, kwa mikono ya mtu aliyekuwa akitengeneza vito. Mwaka 2024 Stratocaster ilitimiza miaka 70 na kampuni yake ikatoa matoleo ya kumbukumbu. Lakini Bujumbura, ambako nyimbo nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilitoka kwenye nyuzi za umeme, hakuna kinachoshindana na ngoma kwa heshima ya taifa, na gitaa limeachiwa mafundi.

Kuingia kwa gitaa la umeme katika ukanda huu kunafahamika vya kutosha. Mwaka 1953 Bill Alexandre, mpiga jazi wa Kibelgiji, alifika Léopoldville, Kongo ya Wabelgiji, kufanya kazi katika studio ya CEFA akiwa na gitaa la umeme. Baada ya muda mfupi wapiga gitaa Franco na Nico Kasanda walikuwa wamelifanya la kwao. Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa hadi uhuru wa 1962, ilikuwa chini ya Wabelgiji haohao, na rumba ilivuka mto Ruzizi bila pasipoti. Upande wa Tanganyika, bendi za jazi zilimtoa Mbaraka Mwinshehe. Burundi ikaja kuwa na bendi ya Amabano.

Tatizo la Stratocaster lilijulikana tangu mwanzo. Mkono ukibonyezwa kwa nguvu, nyuzi huteleza juu ya kikalio kilicho mwanzo wa shingo, na zikirudi hazirudi pale zilipokuwa. Wapigaji wengi wa rumba hawakuhangaika, kwa kuwa solo ya Kikongo hutaka vidole vyepesi na mkono ule huachwa ukining'inia, au huchomolewa kabisa. Waliohangaika walikuwa vijana wa roki wa Marekani waliotaka kumfuata Jimi Hendrix.

Mmoja wao alikuwa Floyd Rose, mpiga gitaa aliyekuwa pia akiunda vito. Usonara wake ndio uliofanya kazi, maana alikuwa na vifaa vya kukata na kusaga chuma kidogo, na mazoea ya kufikiri kwa vipimo vya unywele. Mnamo 1976 alianza kwa kikalio cha shaba chenye vibanio vya kuzikaba nyuzi zisiteleze. Shaba ilikuwa laini mno, ikalika, akahamia chuma kilichotiwa ugumu. Kisha akagundua kwamba nyuzi huteleza hata upande wa briji, akaifunga nayo. Briji za mwanzo alizitengeneza mwenyewe, moja moja. Hataza ya kwanza, namba 4,171,661, ilitolewa Oktoba 1979.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza, na ni ugomvi mtamu kuliko sehemu nyingine ya historia hii. Kifaa cha kwanza cha Rose kilikuwa na dosari ya kuchekesha: kilifunga nyuzi sawasawa kiasi kwamba gitaa likipanda au kushuka kidogo, kwa joto la taa za jukwaani au uzi mpya unaonyooka, mpigaji alilazimika kutoa alenki, kufungua vibanio, kutuni upya na kufunga tena. Mashine za kutuni za kichwani hazikuwa na kazi tena. Dawa ikawa skrubu ndogo zilizowekwa kwenye briji yenyewe, moja kwa kila uzi, zinazozungushwa kwa vidole bila kufungua kitu. Ni nani aliyezifikiria? Eddie Van Halen, mpigaji aliyekitangaza kifaa hicho kuliko mtu mwingine, alisema wazo lilikuwa lake. Hataza namba 4,497,236 ya 1985 ina jina la Rose peke yake. Mapenzi ya mashabiki yako upande wa Van Halen, karatasi ziko upande wa Rose, na kwenye hataza karatasi ndiyo inayolipwa. Mtu wa tatu angeweza kudai pia: mpiga fidla. Wapiga fidla wa taarabu Zanzibar wanazijua skrubu za namna hiyo, ziko mkiani mwa ala yao tangu zamani.

Kampuni ya Kramer iliingia mkataba na Rose, na katikati ya miaka ya 1980 gitaa lisilo na kufuli lilionekana la kizee katika maduka ya Marekani. Schaller ya Ujerumani ilitengeneza zile za asili. Viwanda vya Asia vilitengeneza kwa leseni, na bamba lao likagongwa maandishi ya kutaja leseni hiyo. Maandishi hayo ndiyo kitu cha kwanza cha kusomwa gitaa kuukuu likifika mezani. Nakala nyingi za leseni ni za chuma laini, na chuma laini kina mwisho mmoja.

Mwisho huo huonekana kwenye makali. Briji ya Rose huegemea skrubu mbili tu zilizosimama mbele yake, na huzigusa kwa ukingo uliochongwa kama ncha ya kisu. Upande mmoja nyuzi sita huvuta kwa jumla ya kama kilo 40, upande mwingine springi tatu hadi tano huvuta kwa nguvu ileile, na briji huelea katikati. Makali yakilika, briji hurudi kila mara mahali tofauti, na hakuna kutuni kutakakosaidia. Kuyanoa kwa tupa kunawezekana, lakini ugumu wa chuma uko karibu na uso: tupa ikizidi kidogo, kilichobaki ni chuma laini kitakacholika kwa miezi. Mara nyingi mti nao umechoka. Tundu la skrubu limepanuka au limepasuka kuelekea kwenye sumaku za kunasa sauti. Hapo huzibwa kwa kigingi cha mti mgumu na gundi, kisha hutobolewa upya kwa kipimo kilekile.

Kwenye mji wa ziwa kama Bujumbura, kutu ni mpinzani mwingine. Skrubu ndogo za kutuni hukwama, vibanio vya kikalio huganda, na alenki isiyo ya saizi yake humaliza kazi kwa kuviringisha tundu la pembe sita. Mafuta ya kupenya na subira ya usiku mzima huokoa nyingi. Kila uzi hukatwa kichwa chake cha duara kabla ya kubanwa, na uzi uliokatikia kwenye briji waweza kurudishwa kama kichwani mwa gitaa kuna akiba ya kutosha.

Marekebisho yanayofaa zaidi hapa ni yale ambayo Rose angeyanunia. Briji inayoelea ina sharti gumu: uzi mmoja ukikatika, mizani huvunjika, springi huvuta briji nyuma, na nyuzi tano zilizobaki hupanda zote. Mahali ambapo uzi wa akiba si kitu cha kupatikana kila siku, hilo ni kosa la kuharibu harusi. Hivyo kipande cha mti huchongwa na kuchomekwa mgongoni, kati ya tofali la chuma na ukuta wa shimo, briji isirudi nyuma. Mkono bado hulegeza nyuzi, ila haupandishi tena, na gitaa hustahimili uzi uliokatika. Wajuzi wa maduka huliita jambo hilo uharibifu. Wangetazama gitaa la Van Halen mwenyewe: chini ya briji yake kuna sarafu ya senti 25 ya mwaka 1971 iliyopigiliwa skrubu, kwa kazi hiyohiyo. Mwaka 2019 gitaa hilo la kuungaunga liliwekwa kwenye maonyesho ya makumbusho ya Metropolitan, New York.

Burundi haijafika huko. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Ndadaye, Oktoba 1993, vilitawanya wanamuziki. Mwimbaji Kidum alikwenda Kenya 1995. Kisha vikaja vikwazo vya nchi jirani, Julai 1996 hadi Januari 1999. Hataza ya kwanza ya Rose iliisha muda katika miaka hiyohiyo na kila kiwanda kikawa huru kuinakili, huku njia ya mizigo ya Burundi ikiwa imefungwa. Nakala za bei nafuu zilifika baadaye, nyingi zikiwa mitumba. Ngoma za kifalme ziliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014, na 2017 zikapata amri ya rais inayoeleza hata nani azipige na nani asizipige. Magitaa ya bendi za zamani hayajapata hata daftari la kuhesabiwa. Siku hizi kompyuta imechukua sehemu kubwa ya kazi ya studio, na makanisa ndiyo wateja wa kutegemewa wa gitaa la umeme. Kwaya haina haja na mkono wa tremolo, kwa hiyo briji hufungwa pande zote mbili, mkono ukatolewa, na vibanio vya kikalio vikaachwa wazi ili mashine za kichwani zirudie kazi yake.