Ripoti ya Majuma Tisa: Kongwa, Akili Mnemba na Kazi za Wanachuo

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, iliyotoka vitani ikiwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, ilimtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, pamoja na wenzake wawili, wachunguze uwezekano wa kulima karanga kwa mashine Afrika Mashariki na Kati. Walizunguka majuma tisa, kwa ndege na kwa gari. Ripoti waliyoiwasilisha mwezi Septemba ilikuwa na hesabu nadhifu: mashamba 107, kila moja la ekari 30,000, jumla ekari 3,210,000, mashamba 80 kati ya hayo yangekuwa Tanganyika. Kongwa, mashariki ya Dodoma, ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia.

Lengo la mwaka wa kwanza, 1947, lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe ya matrekta. Udongo wenye mfinyanzi ulikauka baada ya mvua ukawa mgumu, karanga zikashindwa kung'olewa. Januari 1951 mradi ulifutwa, na takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikawa zimepotea.

Darasani tumezoea kuisimulia habari hii kama kisa cha kiburi cha kikoloni, na kiburi hakika kilikuwapo. Lakini waandishi wa ripoti ile hawakuwa wajinga wala waongo. Kasoro inayotuhusu leo ni ya kimaandishi: jambo lililopimwa na jambo lililokisiwa yaliandikwa kwa sauti moja, kwa uhakika mmoja. Waziri aliyeketi London hakuwa na njia ya kuona, kwa kusoma tu, ni tarakimu ipi iliyotoka kwenye kipimo na ipi iliyotoka kwenye matumaini.

Maarifa ya nchi ile yalikuwapo. Ugogo hupata msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na wenyeji hawakuwa na haja ya kuambiwa kwamba wastani wa mwaka hauoneshi majuma ya ukame yanayoweza kukatiza msimu katikati. Waliihifadhi historia hiyo kwa kuipa kila njaa kubwa jina lake. Inayokumbukwa zaidi ni Mtunya, iliyoanza 1917, wakati ukame ulipokutana na majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza, ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, yaliyochukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo. Mwaka huohuo alizaliwa, huko Ihumwa karibu na Dodoma, Mathias Mnyampala, tunayemjua zaidi kwa ushairi na ngonjera. Mwaka 1954, miaka mitatu tu baada ya mradi wa karanga kufutwa, alichapisha kwa Kiswahili kitabu chake *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*, kilichojengwa juu ya simulizi za wazee. Kazi yake inaweza kupingwa, na imepingwa. Lakini anayeipinga anajua aanzie wapi, kwa sababu nyuma ya maneno yake kuna watu, koo na mahali.

Sasa tuje kwenye insha ninazosahihisha. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, zimekuwa laini kwa namna ya kutia mashaka. Programu hizi hutunga kwa kukisia neno linaloelekea kufuata, kutokana na maandishi mengi mno zilizolishwa. Na katika maandishi hayo Kiswahili ni kidogo, Kigogo karibu hakuna. Ukiiuliza kuhusu Mtunya, itakujibu kwa ufasaha uleule inaoutumia kueleza Vita vya Waterloo. Pengine itakupa na kitabu cha marejeo chenye mwandishi, mwaka na mchapishaji, ambacho hakipo duniani. Mwanafunzi anayekinakili amefanya alichofanya yule waziri wa London, isipokuwa waziri angalau alikuwa na majina ya watu watatu wa kuwadai maelezo.

Sisemi programu hizi zipigwe marufuku. Mwanafunzi aliyesoma Kiswahili hadi darasa la saba, kisha akatakiwa kuandika tasnifu kwa Kiingereza, ana haki ya kusaidiwa kunyoosha sentensi zake. Anaweza pia kuiambia programu ishambulie hoja yake kabla sijaishambulia mimi. Aseme tu, mwishoni mwa kazi, ameitumia wapi na kwa lipi. Chanzo kila kimoja anachokitaja awe amekifungua mwenyewe. Na mahojiano ya wazee asiyapakie humo kabisa: mzee wa Mpwapwa aliyekubali kuzungumza na mwanachuo hakukubali maneno yake yahifadhiwe kwenye mitambo ya kampuni ya ng'ambo, na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwa wahadhiri wenzangu wanaotegemea programu za kunasa wadanganyifu, nawakumbusha utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa 2023: zana hizo zilizihesabu kuwa za mashine zaidi ya nusu ya insha zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Wanafunzi wetu karibu wote wamo katika kundi hilo. Kumfukuza kijana chuo kwa ushahidi wa namna hiyo ni dhuluma.

Njia yenye haki zaidi ni kumwita mwandishi, kumwekea insha yake mezani na kumuuliza: tarakimu hii umeipata wapi? Dakika kumi zinatosha. Mwaka mmoja au miwili baadaye huenda kijana huyohuyo akawa ofisa mipango wa halmashauri, akiandika andiko la bwawa au la skimu ya umwagiliaji, na hapo hakuna atakayemuuliza. Lakini dakika kumi kwa darasa la wanafunzi 400 ni saa 66 na zaidi, kwa insha moja, kwa mhadhiri mmoja. Mjadala wa akili mnemba vyuoni, kama tunautaka kwa dhati, utaanzia kwenye bajeti ya ajira za wahadhiri na wasaidizi wao.